Kutembea peke yako kando ya ziwa na mashambani Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyefika Kigoma, ana siku moja au mbili mkononi, na angependa kutembea kwa miguu bila haraka: kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye vichaka vya vilimani, na katikati ya mashamba ya michikichi na mihogo. Maswali ni yale yale yanayorudiwa na wageni, watumishi waliohamishiwa huku, wanafunzi wa likizo, na wakati mwingine wenyeji wa mjini ambao Katonga, kijiji cha wavuvi cha jirani, wameifika kwa bodaboda tu.

## Mambo ya mwanzo

Ukiacha hifadhi ya Gombe na mji wa Ujiji, Kigoma kuna nini cha kutembelea kwa miguu?

Kuna ukaribu. Ukishuka stesheni, jengo la Wajerumani lililo mwisho wa Reli ya Kati iliyofika hapa mwaka 1914, ndani ya saa moja ya mwendo wa pole utakuwa umeshapita soko, gati la mitumbwi, kichaka na shamba la muhogo. Vilima vinateremka moja kwa moja hadi majini, kwa hiyo njia haikai tambarare kwa muda mrefu: unapanda, unateremka kwenye kighuba chenye mitumbwi michache, unapanda tena.

Ziwa lenyewe liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika karibu mita 1,470. Duniani ni Ziwa Baikal peke yake linalolipita kwa kina. Sehemu zenye miamba utaliona hilo kwa macho: hatua chache kutoka ukingoni maji yanageuka buluu ya kukolea.

Nianzie njia ipi kama sijawahi kutembea huku?

Anza na ya Katonga. Toka mjini asubuhi, fuata barabara ya kuelekea Bangwe na Katonga, kisha ukifika pembeni mwa makazi ingia kwenye njia za miguu. Kuna vilima vya vichaka, kuna nyani wasio na aibu, na mwishoni kuna kijiji cha wavuvi chenye chai na mandazi. Ukichoka, bodaboda ya kurudi haikosekani. Ufukwe wa Jakobsen uko upande huo huo, ila pale unalipa kiingilio.

Njia ya pili ni Ujiji na bonde la Mto Luiche. Hii ni ya mashamba: michikichi, mpunga, migomba, mboga. Ardhi ni tambarare zaidi, watu ni wengi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye mengi ya kutazama kuliko zote, ingawa wageni huipita wakikimbilia mnara wa Livingstone.

Ya tatu ni kaskazini, kutoka Kibirizi, penye boti, kuelekea vijiji vya Kagongo na Mtanga. Nzuri sana, ngumu zaidi, na kuna vipande virefu usivyokutana na mtu. Iache mpaka miguu yako na masikio yako vizoee nchi.

Ni miezi gani inafaa?

Kiangazi ni kuanzia Juni hadi Septemba. Njia ni kavu, mito midogo unavuka kwa kuruka, nyasi zimelala. Ubaya wake ni moshi: watu wanachoma mashamba na nyika, na mwishoni mwa kiangazi hewa inakuwa nzito kiasi kwamba ziwa linaonekana halina ng'ambo (tazama swali la milima ya Kongo). Upepo wa kusini nao hupiga sana miezi hiyo, mawimbi yakawa makubwa.

Masika ya huku huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Asubuhi baada ya mvua ni nzuri kupita kiasi, lakini udongo mwekundu wa vilimani unateleza vibaya na radi za alasiri si za kuchezea. Mimi ningechagua wiki za mvua za kwanza: vumbi limetulia, vichaka vimechipua, na maembe yanaanza.

Nianze saa ngapi?

Mgeni kutoka Dar es Salaam hukosea hapa. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini inatumia saa ile ile. Jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kutua karibu saa 1 usiku, na linakaa utosini saa 7 mchana, siyo saa 6. Kwa hiyo ukali wa jua ni kati ya saa 5 na saa 10 jioni.

Ondoka kukipambazuka. Saa 5 uwe kivulini, popote palipo na mwembe, na usisogee mpaka saa 10. Hayo masaa matano si ya kupoteza: ndipo watu wanapokuwa na nafasi ya kuongea.

Nivae nini, nibebe nini?

Raba zenye meno au makatambuga yaliyozoea mguu wako. Suruali ndefu au gauni refu, rangi ya kufifia (sababu iko kwenye swali la wadudu na mimea). Kofia. Maji lita 2 angalau, karanga au mihogo ya kuchoma, simu yenye chaji, noti ndogo ndogo, kitambulisho. Fimbo ni rafiki mzuri, kwa mbwa na kwa mteremko.

Panga acha nyumbani. Mwenyeji mwenye panga anakwenda shamba. Mgeni mwenye panga anazua maswali.

## Njia, mashamba na ruhusa

Je, nahitaji kibali?

Njia za miguu kati ya vijiji ni za watu wote na hazina kibali. Kibali na malipo vinahitajika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe, na kwenye sehemu za watu binafsi kama fukwe za hoteli. Ukitaka kukaa muda mrefu kijiji kimoja, kuuliza watu maswali mengi au kupiga picha kwa kamera kubwa, pitia kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji. Dakika kumi pale zitakuondolea usumbufu wa siku nzima.

Kigoma ni mkoa wa mpakani, na kwa miaka mingi umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo. Mtu asiyejulikana anayekatiza kwa miguu anaweza kuombwa kitambulisho na mgambo, polisi au uhamiaji. Raia, beba kadi ya NIDA. Asiye raia, abebe pasipoti yenye viza au angalau nakala yake. Jibu kwa utulivu, maswali yenyewe ni ya kawaida.

Nikiulizwa "unakwenda wapi?" nijibu nini?

Hili ndilo swali litakalokufuata siku nzima, na ndilo wageni hulijibu vibaya kuliko yote. Wanasema, "Natembea tu." Jibu hilo ni la kweli, lakini halimridhishi mtu. Anayekuuliza yuko shambani tangu alfajiri, anajua njia ile inapeleka wapi, na hamjui mtu mwenye akili zake anayepanda kilima kile pasipo shughuli. Basi atakutafutia shughuli mwenyewe: huyu ni mpimaji wa ardhi, huyu ni dalali wa viwanja, huyu anatafuta madini, huyu katumwa. Ardhi ina thamani na watu wameshaona wapimaji wakija na vigingi. Wasiwasi wao una msingi.

Jibu kwa jina la mahali. "Nakwenda Katonga." "Nakwenda Mtanga, nitarudi na mtumbwi." Kisha ongeza sababu ndogo ya kweli: kunyoosha miguu, kuona ziwa, kununua dagaa. Mtu akishajua unakokwenda, kazi yake inabadilika, anaanza kukuelekeza: usipite kule, daraja limekwenda, pita kwa mzee fulani, umsalimie. Hapo umepata kiongozi bila kumlipa, na habari zako zitakutangulia kijiji cha mbele kabla hujafika. Ndiyo maana kutembea peke yako huku si upweke hasa. Kila kilima kina mtu aliyekuona.

Na usidanganye. Ukisema unakwenda kwa mtu fulani na mtu huyo yupo kweli, utasindikizwa mpaka mlangoni kwake.

Naruhusiwa kupita katikati ya shamba la mtu?

Kama njia inapita humo, ndiyo. Kama njia haipo, zunguka. Shamba lililolimwa kwa matuta usilikanyage juu ya tuta, pita kwenye mfereji kati ya tuta na tuta, au bora zaidi ufuate mpaka. Mpunga wa Luiche una kingo zake za kupitia. Ukikuta njia imewekewa matawi ya miiba, hilo ni katazo, hata kama jana ulipita.

Ukiwakuta watu wanalima, "Poleni na kazi" inatangulia mengine yote. Makaburi hukaa ndani ya mashamba na mengine hayana zaidi ya mawe machache. Ukiona mawe yamepangwa kwa urefu wa mtu, kaa mbali nayo.

Kuhusu matunda: embe lililoanguka njiani halina kesi, lililo mtini lina mwenyewe. Ukiomba, kwa kawaida utapewa zaidi ya ulichoomba.

Naweza kufuata ufukwe mwanzo hadi mwisho?

Hapana. Sehemu nyingi mchanga unaishia kwenye mwamba na njia inapanda kilimani. Zaidi ya hapo, ziwa limepanda sana tangu mwaka 2020 hivi. Kuna fukwe, nyumba na magati yaliyomezwa, na njia ambazo wenyeji walizoea sasa ziko chini ya maji. Ramani ya kwenye simu bado inaweza kukuonyesha mchanga mahali penye mita moja ya maji. Uliza watu, usiiulize simu.

Je, naweza kwenda Gombe kwa miguu?

Unaweza kufika jirani yake. Njia ya vilimani kutoka Kibirizi inapita vijiji vya Kagongo na Mtanga, na mbele ya Mtanga ndipo hifadhi inapoanza, takribani kilomita 16 kaskazini mwa mji. Ndani ya hifadhi hutembei peke yako: unalipa kiingilio na unakwenda na mwongozaji. Hifadhi ni ndogo, ilitangazwa mwaka 1968, miaka minane baada ya Jane Goodall kuanza kuwachunguza sokwe pale mwaka 1960, na masharti ya kuwasogelea ni makali kwa sababu sokwe huambukizwa mafua na magonjwa mengine ya binadamu.

Ushauri wangu: kama unataka sokwe, panda boti Kibirizi. Kama unataka kutembea, ishia Mtanga na urudi kwa mtumbwi wa abiria.

## Watu na adabu

Nisalimie kwa lugha gani?

Kiswahili kinatosha kila mahali. Mkubwa wako mpe "Shikamoo" yake, hata kama mnapishana tu. Ujiji, mji wa Waislamu wengi, "Asalaam aleikum" inafungua milango. Vijijini, ukimwambia Muha, mtu wa kabila la huku, "Mwakeye" asubuhi, atacheka, atakuuliza umejifunzia wapi, na mazungumzo yataanza. Usishangae akikurushia Kiha mfululizo baada ya hapo.

Salamu ya huku haitupwi kwa kupita. Simama. Mwendo wa saa mbili utachukua saa nne kwa sababu hii, na ndiyo hesabu ya kuweka unapopanga siku.

Naweza kupiga picha?

Ziwa na vilima, piga. Watu, omba. Wanaoanika dagaa wamechoka kupigwa picha na wapita njia wasiosalimia, na wengine watakudai pesa, wana haki. Bandari, kambi za jeshi na polisi, na vyombo vya doria: simu iwe mfukoni kabisa.

Mimi ni mwanamke. Ni salama kutembea peke yangu?

Mashambani asubuhi, njia zimejaa wanawake: wanakwenda kulima, wanarudi na kuni, wanapeleka chikichi na dagaa sokoni. Katika bonde la Luiche na njia ya Katonga mwanamke anayetembea si jambo la ajabu, ingawa asiyebeba chochote atatazamwa. Fuata saa zao, toka na wao, rudi na wao. Siku za gulio ndizo bora, maana njia haikauki watu.

Palipo na tahadhari ni fukwe zisizo na watu saa za mchana, vipande virefu vya kaskazini, na vijiwe vya pombe kuanzia jioni. Kwa vipande hivyo tafuta mama au binti wa kijijini wa kukusindikiza, umlipe kiasi mlichopatana. Gauni refu au suruali pana na kanga kiunoni hupunguza macho, hasa Ujiji. Mwachie mtu wa mahali unapolala jina la njia na saa ya kurudi. Hili la mwisho ni kwa wanaume pia.

Watoto wakinifuata?

Watakufuata. Wasalimie, tembeeni, na mpakani mwa kijiji waambie warudi. Usigawe pesa wala pipi.

Nikitembea Ujiji mwezi wa Ramadhani?

Kula na kunywa barabarani mchana si adabu. Beba maji, unywe pembeni, mbali na watu. Migahawa mingi hufungwa mchana, kwa hiyo panga chakula chako mapema. Magharibi ikiingia ukiwa karibu na nyumba za watu, jiandae kukaribishwa futari.

## Utakayoyaona njiani

Wale wanaochemsha mapipa chini ya michikichi wanatengeneza nini?

Mawese. Mkwezi hupanda mchikichi na kukata mkungu kwa panga au shoka. Mkungu mzima ni mzito na una miiba, basi usisimame chini mtu akiwa juu, hata kwa kutazama. Chikichi zikishapukuchuliwa huchemshwa kwenye pipa mpaka zilainike, hutwangwa au hupitishwa kwenye mashine ya kusukuma kwa mkono au ya injini, kisha kilichokamuliwa huchemshwa tena ili mafuta yapande juu yaenguliwe. Utayaona yakimiminwa kwenye madumu, mekundu ya kuiva. Kokwa hazitupwi: zikikauka hupasuliwa, na kiini chake, mise, hutoa mafuta mengine ambayo hutumika sana kwenye sabuni. Maganda yanarudi motoni kama kuni.

Michikichi mirefu iliyosimama ovyo katikati ya mihogo ni ya zamani, mingi ya aina ya dura, yenye kokwa nene na nyama chache. Ile mifupi iliyopangwa kwa mistari ni ya tenera, mbegu chotara inayotoa mafuta zaidi. Tangu mwaka 2018 serikali imeisukuma sana kupitia Kihinga, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo (TARI). Wakulima wana maoni yao kuhusu mabadiliko haya. Kaa kwenye gogo uwasikilize. Watu wa mawese hawana haraka pipa likiwa motoni, na wakikuonjesha mhogo uliochemshwa wenye mawese ya moto usikatae.

Kwa nini siku nyingine ufukwe umejaa dagaa na siku nyingine mtupu?

Mwezi. Vipe, yaani mitumbwi iliyounganishwa na kubeba wavu katikati, hutoka usiku na taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola. Mwanga huwavuta dagaa juu, na samaki wanaoitwa migebuka huwafuata dagaa wawale. Mbalamwezi ikiwa kali taa haishindani nayo, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi hupumzika, hushona nyavu, hukarabati mitumbwi. Ukitaka kuona kazi, njoo siku za giza na ufike Kibirizi au Katonga jua likichomoza. Ukitaka kuongea na wavuvi, njoo wakati wa mwezi mpevu.

Sababu ya pili ni kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa. Uliza kabla ya kupanga safari miezi hiyo.

Dagaa wakianikwa mchangani, hapo ni jikoni kwa mtu. Usikanyage.

Vile vipande vyeupe juu ya miamba ni nini?

Muhogo unaokauka. Umemenywa, ukalowekwa siku kadhaa, sasa unasubiri kusagwa unga wa ugali. Vidimbwi vinavyonuka kando ya mito midogo ndiko unakolowekwa. Usinawe humo wala kuvuka kwa kupitia humo.

Ng'ambo ni Kongo kweli? Mbona siioni?

Ni Kongo, kiasi cha kilomita 50. Kiangazi moshi na vumbi huifunika hata wiki nzima. Baada ya mvua kubwa ya kwanza pazia linaondoka, na ghafla kuna milima mirefu pale ambapo jana hapakuwa na kitu.

Mnara wa Ujiji unastahili kusimama?

Simama, lakini usiufanye ndiyo safari. Ni mahali mwandishi wa habari Stanley alipokutana na mmisionari na mpelelezi Livingstone mwaka 1871, na miembe iliyopo inasemekana ni vizazi vya mwembe ule wa zamani. Wapelelezi Burton na Speke walishafika Ujiji mwaka 1858, na wote hao walifuata njia ambayo misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikiitumia kutoka Tabora. Ukitembea kutoka mnarani hadi majini utajiuliza kwa nini wasafiri wa ziwani walikutania mbali na ziwa. Ziwa ndilo lililoondoka: mnamo 1878 Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibua njia yake, na katika miaka iliyofuata maji yakashuka kama mita 10. Leo yanapanda tena, na wazee wa Ujiji hawaoni ajabu.

Kutoka Kigoma mjini hadi hapo ni chini ya kilomita 10, lakini barabara kuu ina magari na haina kivuli. Panda daladala, uanze kutembea ukiwa Ujiji.

## Afya na hatari

Naweza kuoga au kunywa maji ya ziwa?

Kunywa, hapana, mpaka yachemshwe au yatiwe dawa. Maji yanang'aa, lakini vijiji vyote vinayatumia kwa kila kitu na kipindupindu kimeshapita huku zaidi ya mara moja.

Kuoga kuna suala la kichocho. Konokono wanaokibeba hupatikana kwenye ziwa hili, na hatari ni kubwa zaidi karibu na makazi, kwenye matete, maji yaliyotulia na midomo ya mito. Hakuna ufukwe wa kuuhakikishia mtu. Ukioga, jua umekubali hiyo bahati nasibu. Miezi miwili au mitatu baadaye nenda hospitali ukapime. Dawa ipo na inatibu.

Mamba na viboko: mito ya Luiche na Malagarasi, na sehemu zenye matete. Usioge mahali wenyeji hawaogi.

Nyoka?

Wapo. Wa kipekee wa ziwa hili ni swila wa maji, anayeishi kwenye miamba ya ukingoni na kula samaki. Sumu yake ni kali ila si mchokozi. Usiingize mkono wala mguu kati ya mawe usipopaona. Vichakani kanyaga kwa kishindo, pasua nyasi kwa fimbo. Ukiumwa: kaa chini, kiungo kisitikisike, usikate wala kufyonza, piga simu upelekwe hospitali. Namba ya dharura ni 112.

Wadudu na mimea gani ya kuepuka?

Upupu kwanza. Ganda lake lina manyoya ya dhahabu yanayopeperuka kiangazi, na ukiyagusa utawashwa mpaka ulie. Usijikune na usipake maji; wenyeji hupaka majivu au matope yaliyokauka na kuyapukuta. Pili ni mnyaa, ule wa uzio usio na majani: utomvu wake ukiingia jichoni ni safari ya hospitali. Ndorobo utawakuta ukiingia misitu ya miombo ya mbali na ziwa. Hupenda nguo za buluu na nyeusi, ndiyo sababu ya rangi za kufifia. Mbu hawahitaji maelezo. Malaria ipo mwaka mzima.

Nikikuta nyika inaungua?

Angalia upepo. Nenda upande moto unakotoka, pale palipokwisha kuungua, usikimbie kupanda kilima mbele yake. Moto hupanda mlima haraka kuliko mtu.

## Yasiyo ya kawaida

Nimepotea. Nifanyeje?

Teremka. Upande wa ziwa, kila mteremko unaishia majini, na majini kuna watu. Upande wa Luiche fuata sauti: jogoo, mashine ya kusaga, adhana. Usikatize kichaka kwa kufuata mstari wa simu.

Naweza kuvuka Luiche kwa kuogelea au kwa miguu?

Hapana. Tafuta daraja au mwenye mtumbwi.

Naweza kufuata reli?

Ni njia nyoofu na inashawishi, lakini treni ya mizigo haina ratiba utakayoijua, na darajani hakuna pa kukwepea. Fuata njia ya miguu ya pembeni.

Nikikutana na sokwe nje ya hifadhi?

Ni nadra, upande wa kaskazini tu. Simama, rudi nyuma taratibu, usimlishe, usikohoe mbele yake. Nyani wa Bangwe ni kesi nyingine: hao wanataka mfuko wako. Chakula kisionekane.

Giza limenikuta kijijini na hakuna mtumbwi. Nilale wapi?

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, kabla hujaomba kwa mtu yeyote. Piga hodi, jitambulishe, toa kitambulisho, eleza ulikotoka na ulikokuwa unakwenda. Utatafutiwa nyumba. Anayekupokea bila mwenyekiti kujua anaweza kuulizwa maswali kesho yake, kwa hiyo usimtie mwenyeji wako mashakani.

Usiulize bei ya kulala. Nunua sukari, unga au sabuni dukani, umkabidhi mama mwenye nyumba usiku huo huo. Mitumbwi ya abiria ya kuelekea Kibirizi huondoka mapema, waombe wakuamshe.